Tundu Dogo Kwenye Mfuniko wa Tanki

Trekta la nyumbani kwetu Kongwa ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1964. Marehemu baba alilinunua mwaka 1986 likiwa limekwisha kutumika kwa miaka mingi. Rangi yake nyekundu imefifia hadi kufanana na udongo wa shambani, na taa zake zilipotea zamani, lakini injini yake ya Perkins yenye silinda 3 imesomesha watoto sita, mmoja wao akiwa mimi ninayekuandikia. Ndiyo maana likiharibika, sisi hatusemi limeharibika. Husemwa kwamba linaumwa.

Desemba mwaka juzi liliumwa. Kongwa hatuna vuli na masika. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, na mvua zake za kwanza ndizo zinazoamua nani atavuna na nani atakopa. Majirani kumi na wanne walikuwa wamekwisha kulipa sehemu ya fedha ili walimiwe. Kila asubuhi trekta liliwaka bila tabu. Baada ya kulima kwa muda wa nusu saa hivi, nguvu zilipungua, injini ikakohoa, ikazima. Likipumzishwa liliwaka tena, likalima kidogo, likazima tena.

Dereva wetu ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Alinipigia simu Dar es Salaam, akaniamkia, kisha akasema, “Mjomba, tabu hii imeanza tangu tulipofunga mfuniko mpya.”

Sikumsikiliza, na nina wajibu wa kueleza kwa nini. Mfuniko huo nilikuwa nimeununua mimi mwezi Novemba. Nikiwa mezani kwangu na daftari la hesabu, niliona matumizi ya dizeli ni makubwa mno, nikaamini kwamba kijana anauza. Nikanunua mfuniko wenye kufuli, nikaagiza ufunguo akae nao dada yangu. Maana yake ni kwamba nilimfanya mama mzazi kuwa mlinzi dhidi ya mwanawe. Kwa hiyo kijana alipoutaja mfuniko, nilichosikia ni malalamiko ya mtu aliyezibiwa njia ya kuiba.

Nikaanza kutafuta ugonjwa kwa njia ya kisomi. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huvuta hewa, huibana mpaka inapata joto kali, kisha noseli hupuliza dizeli ndani ya joto hilo, nayo ikawaka. Basi maswali ni matatu: je, hewa inaingia? Je, inabanwa vya kutosha? Je, dizeli inafika? Silinda zilizochakaa zingesumbua asubuhi wakati wa kuwasha, lakini asubuhi haikuwa na tatizo. Chujio la hewa lililoziba lingetoa moshi mweusi, lakini moshi haukuwa mweusi. Likabaki swali la dizeli. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, na usahihi huo ndio ulionipa kiburi.

Kwa simu nikaamuru chujio la dizeli libadilishwe, bakuli la kutuliza uchafu lioshwe, na upepo utolewe kwenye mabomba. Yote yakafanyika. Trekta likalima nusu saa, likazima. Nikahitimisha kwamba kuna mtu analegeza bomba ili akinge dizeli kwa chini, na upepo unaingia hapo. Nikamwambia kijana maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikamwondoa kwenye usukani, nikamweka dereva mwingine. Dereva mwingine naye akalima nusu saa, likazima.

Nilipofika Kongwa mwenyewe, fundi niliyetoka naye mjini alisikiliza injini kwa dakika mbili, akasema pampu ya kusukumia dizeli kwenye noseli imekwisha. Bei aliyoitaja ilikaribia mshahara wangu wa mwezi. Nilikuwa tayari kulipa. Aliyenizuia ni dada yangu, aliyesema tumwite kwanza mzee mmoja wa kijiji cha jirani, fundi wa siku nyingi ambaye hana hata karakana.

Mzee yule hakuja na spana hata moja. Alisalimia, akaketi kivulini, akauliza, “Dereva yuko wapi?” Nikamwonyesha yule mpya. “Si huyo. Nataka anayelijua.” Mpwa wangu akaitwa. Mzee akamuuliza lini lilianza, huzima baada ya muda gani, na likizima huwa mnafanya nini hasa, hatua kwa hatua. Kijana akajibu yote, akiwa ananikwepa kwa macho. Kisha mzee akataka trekta lilimishwe mpaka lizime. Lilipozima, hakugusa kitu chochote mpaka ufunguo ulipoletwa. Akafungua mfuniko taratibu. Sote tuliokuwa karibu tulisikia tanki likivuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akasema, “Liwasheni.” Likawaka. Akaliacha lilime huku mfuniko umelegezwa, na halikuzima tena.

Kila anayefungua kopo la maziwa anajua kwamba hutobolewa matundu mawili: moja la kutolea maziwa, jingine la kuingizia hewa. Tanki la dizeli nalo ni vivyo hivyo. Dizeli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Mfuniko wa zamani ulikuwa na tundu dogo la kupumulia. Mfuniko wangu wa kufuli haukuwa nalo. Na kila mara tulipotoa upepo tulifungua tanki kuangalia kiasi cha dizeli, hewa ikaingia, injini ikapona kwa nusu saa, nasi tukaisifu spana.

Ndugu msomaji, shamba tulilokuwa tukilima limo katika ardhi ya Kongwa ambako Waingereza walianzisha mradi wa karanga. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulizunguka kwa wiki tisa, na mwaka uliofuata kazi ikaanza, kwa ndoto ya kulima zaidi ya ekari milioni 3. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikawa chache, matrekta yakafa. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na pauni milioni 36 hivi zimepotea. Wagogo walioijua ardhi ile na mvua zake walikuwepo wakati wote. Nimewafundisha wanafunzi habari hii kwa miaka mingi kama kisa cha kiburi cha wakoloni. Sikuwahi kudhani kwamba nami ningeirudia palepale, kwa mfuniko wa tanki.

Wala sisemi kwamba udhibiti ni ubaya. Dizeli huibwa, fedha za umma huibwa, na kufuli zina kazi yake. Lakini katika ofisi zetu nimeona karatasi ya kuomba wino ikisubiri saini tano, na mwishowe anayelaumiwa kwa kazi kuchelewa ni yule aliyeomba wino. Tunaziba, kazi inakwama, tunambadilisha dereva. Dereva mpya naye anakwama, tunaagiza pampu mpya kwa fedha za kukopa. Aliyekuwa kwenye usukani hatumuulizi, kwa sababu tumekwisha kumhesabu kuwa mtuhumiwa.

Mzee yule hakuitupa kufuli yangu. Aliomba msumari mwembamba na nyundo, akautoboa mfuniko tundu dogo, akaufunga tena.

Nilimwomba mpwa wangu radhi mbele ya mama yake. Akajibu, “Yameisha, mjomba,” akapanda trekta. Ufunguo sasa anao yeye, pamoja na daftari tunalolikagua wote wawili kila mwisho wa wiki. Lakini siku kumi na moja zilikuwa zimepita. Majirani watatu kati ya wale kumi na wanne walikuwa wamechelewa mvua za kwanza, na mtama wao haukufika popote. Niliwarudishia fedha zao. Mavuno sikuwa nayo ya kuwarudishia.