Kuku wa Mkwaja na mgeni aliyekuja naye

Mkwaja, kijiji cha pwani wilayani Pangani, watu huamshwa na jogoo. Humwita kuku wa kienyeji, lakini asili yake ni Asia.

Mifupa ya kuku na kanga hufanana. Hivyo watafiti walipima vinasaba na protini katika mifupa ya kale ya pwani, ikiwemo ya Unguja Ukuu, ng'ambo ya bahari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yanaonyesha kuku alifika takriban karne ya 7 au ya 8.

Panya mweusi, yule wa darini, naye alikuja na vyombo vya baharini kipindi hichohicho. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda. Mzazi, funika chakula na maji ya watoto.