Nyuma ya Kopo

Najisifu kuwa msomaji. Vitabu nasoma mpaka ukurasa wa hakimiliki, jamani. Lakini kopo lile la krimu nililisoma mbele tu: kwa ngozi nyeti, haileti mzio. Nikalipa bei ya riwaya tatu, nikampelekea mama.

Mama ana pumu ya ngozi miguuni, ya siku nyingi. Alikuwa akipaka mafuta ya mgando, yale ya kawaida ya dukani. Mimi nikaona hapana, mama apate kitu cha maana.

Kila nikipiga simu namuuliza krimu inaendeleaje. "Nzuri, mwanangu. Napaka asubuhi na jioni." Mwezi wa pili nikaenda nyumbani. Miguu imevimba, myekundu, vipele vinatoa maji. Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia akijikuna. Kumbe ilianza wiki ya kwanza!

"Umeninunulia kwa hela yako," alisema. "Ningeitupaje?"

Daktari wa ngozi aligeuza kopo, akaweka kidole kwenye neno moja: lanolini. Ni mafuta yanayotolewa kwenye sufu ya kondoo. Hulainisha ngozi vizuri, na wengi hayawadhuru hata kidogo. Tatizo ni ngozi kama ya mama, iliyokwisha kupasuka. Hupitisha vitu ndani kwa urahisi, na mwili ukishakikataa kitu huwa hausahau. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliitaja lanolini kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Krimu nyingi za ngozi nyeti bado inawekwa humo.

Na yale maneno ya mbele? Kopo lilitoka Marekani, nikafuatilia. Mwaka 1975 serikali ya huko iliweka kanuni kwamba anayedai bidhaa yake ina mzio mdogo aonyeshe ushahidi wa majaribio. Watengenezaji wakaenda mahakamani, 1977 kanuni ikafutwa. Mpaka leo, huko, neno hilo halina maana ya kisheria. Nililipia kivumishi.

Mama alipewa dawa ya kupaka, kisha akarudi kwenye mafuta ya mgando, yasiyo na manukato. Miguu imetulia. Kopo hakulitupa, ameliosha anawekea vifungo.

Juzi nimemtumia sabuni. Akapiga kabla hajaifungua: nimsomee ya nyuma. Nilikuwa na picha yake kwenye simu, nikasoma. Kila neno ananikatiza, "Hilo ni nini?" Nusu yake sikuwa na jibu.