Mzee wa pori naye aweze kutumia programu

Wasikilizaji wetu, hasa nyinyi mliokimbia vijiji vyenu na sasa mko hapa Kisangani, mnajua kitu ambacho programu nyingi za watafiti hazikijui: majina ya pori.

Mti tunaouita limbali, kwa mtaalamu ni Gilbertiodendron dewevrei. Kule Yangambi, kilomita karibu 100 kutoka hapa, mimea iliyokaushwa zaidi ya 100,000 imehifadhiwa kwa majina ya namna hiyo. Ni hazina kubwa. Lakini programu ya simu inayokubali Kilatini tu inamfunga mdomo mzee anayeutambua mti kwa gome lake.

Kuna njia nyingine. Miaka ya 1990, Louis Liebenberg wa Afrika Kusini alitaka ujuzi wa wafuata nyayo wasiojua kusoma uandikwe. Kukatengenezwa CyberTracker: mtu anagusa picha ya mnyama aliyemwona, na mashine yenyewe inaweka mahali na saa.

Redioni tunafundishwa kwamba msikilizaji asipoelewa, kosa ni la msemaji. Watengenezaji wa programu nao waishike sheria hiyo. Wanaofanya kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani na Yangambi waweke picha na sauti, pia Kiswahili, Lingala, Kimbole na Kilengola. Na kabla ya kumaliza, wampe mzee simu mkononi, waone anakwama wapi.

Mzee akifia ukimbizini bila kuulizwa, majina yake ya miti yanazikwa naye.