Deni la Kidato cha Pili

Nimepotea kwa majuma kadhaa, na wengine wenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Jumamosi zangu nne zimeishia Thika, kwenye meza ya dada yangu, nikifundisha hesabu. Leo nawasimulia yaliyotokea, kwa sababu najua kuna mwanafunzi au mzazi anayesoma hapa ambaye yuko pale pale tulipokuwa sisi.

Mimi naishi Ruiru. Dada yangu mkubwa anaishi Makongeni, Thika, na anauza mitumba. Kifunguamimba wake yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea kompyuta. (Chuo sikitaji. Kutoka Kahawa hadi Thika tuna vyuo vya kutosha, kila mtu achague chake.) Usiku mmoja dada alinipigia simu.

"Huyu kijana wako anataka kuacha shule. Anasema hesabu zimemshinda. Wewe ndiye uliyemwambia asomee kompyuta, kwa hivyo njoo ukae naye."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ni kweli mimi ndiye niliyemwambia kijana asomee kompyuta, na karo ya miaka hiyo miwili imetoka kwenye mitumba. Somo lenyewe lilikuwa Kalkulasi II. Alikuwa ameanguka mtihani wa kwanza, akafanya sapu akaanguka tena, sasa alikuwa anarudia somo zima na nafasi iliyobaki ilikuwa moja.

Jumamosi ya kwanza nilimwambia anionyeshe kazi zake zote zilizosahihishwa. Alizileta kwa aibu, zimekunjwa ndani ya bahasha. Nilitarajia kuona kijana asiyejua integresheni ni nini. Sikuona hivyo hata kidogo. Alijua afanye nini na kwa nini. Alipokosea palikuwa mahali pengine kabisa. Swali moja lilimtaka atafute integrali ya hii:

5 / (x² + x − 6)

Yeye alianza kwa kuivunja hivi: 5/x² + 5/x − 5/6. Baada ya hapo kila hatua ilikuwa sahihi, lakini alikuwa ameshapotea njia kwenye mstari wa kwanza.

Sikumwambia lolote kuhusu kalkulasi. Dada alikuwa ameweka chapati mezani. Nikachukua moja nikamwambia, "Tuna chapati moja, wavulana wawili na wasichana wawili. Kila mtu anapata ngapi?"

"Robo, Anko."

"Sasa andika 1 juu, 2 + 2 chini, halafu uivunje kama ulivyovunja hii."

Akaandika 1/2 + 1/2. Akapata 1. Akaitazama kwa muda.

"Kwa hesabu yako," nikamwambia, "watu wanne wamekula chapati moja, na kila mmoja amekula nzima."

Dada alicheka hadi akaketi. Kijana hakucheka. Alirudi kwenye ile bahasha akaanza kupekua karatasi moja moja, na kosa lile lile lilikuwa kwenye nne kati ya sita. Kwenye nyingine alikuwa ameandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9. Hilo ni jambo la kidato cha pili, na lilikuwa limemfuata hadi chuo kikuu bila mtu kumwambia.

Sasa tazameni njia sahihi ya swali lile. Kwanza, x² + x − 6 unaivunja kwa vigawo: (x − 2)(x + 3). Hiyo ni aljebra ya kidato cha pili. Kisha unatafuta sehemu mbili ndogo zinazojumlishwa kuwa ile kubwa, na ili uzipate unatatua milinganyo miwili kwa pamoja, kazi ya kidato cha kwanza. Unapata 1/(x − 2) − 1/(x + 3). Mwisho unatumia kanuni kwamba integrali ya 1/x ni logi asilia. Kanuni hiyo ni ya chuoni, lakini logi zenyewe ulikutana nazo kidato cha pili. Swali ni moja, na kalkulasi iliyo ndani yake ni mstari mmoja wa mwisho tu.

Wale mnaotumia Linux mtanielewa haraka. Unaomba kuweka programu moja, nayo inakwambia inahitaji maktaba fulani. Maktaba hiyo nayo inahitaji nyingine, na hiyo nyingine inahitaji toleo ambalo huna. Programu inakataa, na mtu asiyejua anasema programu ni mbovu, kumbe kilichokosekana kiko ngazi nne chini. Angalau Linux inakutajia jina la kilichokosekana. Mtihani unakupa alama 31 na kunyamaza.

Usiku huo, nilipofika Ruiru, nilikaa na kompyuta nikaandika mada zote za Kalkulasi II, kisha mbele ya kila moja nikaandika inahitaji nini. Halafu nikazipanga kwa njia aliyoichapisha Arthur Kahn mwaka 1962. Ni njia rahisi mno. Unachukua mada zisizohitaji chochote, unaziweka mwanzo wa orodha na kuzifuta. Unatazama ni zipi sasa zimebaki bila deni, unaziongeza, unafuta, na kurudia hadi ziishe. Orodha iliyotoka ndiyo tuliyofuata Jumamosi zilizobaki. Mada tisa za kwanza zilikuwa za sekondari.

Kwa wanaoingia chuo mwaka huu, ramani ya masomo yenyewe iko hivi, kwa kawaida. Kalkulasi I inahitaji aljebra, grafu na trigonometria. Kalkulasi II inahitaji Kalkulasi I. Kalkulasi III, yenye vigeu vingi kwa pamoja, inahitaji ya II na vekta. Milinganyo ya diferensia inahitaji Kalkulasi II, na aljebra mstari inasaidia sana. Uwezekano unaanza na sarafu na dadu, ambapo unahitaji kuhesabu tu, lakini ukifika kwenye vitu vya kupimwa, kama muda wa kungoja matatu, uwezekano unakuwa eneo chini ya mchoro, na eneo hilo ni integresheni.

Lakini si kila kitu kinapitia mlango huo. Aljebra mstari inakua kutoka kwenye matriki na ile milinganyo ya pamoja, na kalkulasi ndani yake ni kidogo. Hisabati diskriti, yaani mantiki, seti na njia za kuhesabu mipangilio, inahitaji kalkulasi kidogo sana, na ndiyo tunayoitumia zaidi sisi waandika programu. Kwa hivyo mtu aliyeangushwa na Kalkulasi II asiseme "hesabu zimenishinda". Mpwa wangu alikuwa amepita hisabati diskriti vizuri, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo nayo ni hesabu.

Jumamosi ya pili aliniuliza kwa nini kalkulasi imegawanywa mara mbili. Nikamwambia afikirie safari yangu ya asubuhi. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20. Matatu ikitumia nusu saa, mwendo wa wastani ni kilomita 40 kwa saa. Lakini mshale wa spidi haukukaa kwenye 40. Juja tulisimama kushusha wanafunzi, ukasoma 0. Mbele ya hapo ukapanda kuelekea 80, kikomo ambacho matatu ziliwekewa na kanuni za Michuki mwaka 2004. Kalkulasi I inauliza: ukijua gari lilikuwa wapi kila wakati, mshale unasoma ngapi sasa hivi? Kalkulasi II inaanza kwa kuligeuza: ukijua mshale ulisoma ngapi kila wakati, gari limekwenda umbali gani? Newton na Leibniz, katika karne ya 17, walionyesha kwamba maswali hayo mawili ni barabara moja, ya kwenda na ya kurudi.

Hapo kijana akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Anko, wewe ulielewa haya yote ukiwa chuo?"

Ningeweza kudanganya. Mama yake alikuwa jikoni anasikiliza, na miaka yote amewaambia majirani kwamba mimi ni mkali wa hesabu. Nikasema ukweli. Kalkulasi II niliipita kwa kukariri fotokopi za mitihani iliyopita. Nilijua maswali yanafanana kila mwaka, nikakariri hatua, nikapita, nikasahau.

Deni hilo nalo lilinifikia. Miaka kadhaa baadaye niliandikia sako moja programu ya mikopo. Mkopo wa shilingi 100,000, riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, kulipwa kwa miezi 12. Programu yangu ilisema malipo ni shilingi 8,884.88 kwa mwezi. Mama mmoja wa hapo ofisini alikuwa na kikokotoo chake: 12,000 ya riba juu ya 100,000, gawa kwa 12, ni 9,333.33. Akaniuliza kwa upole, "Hii yako umeipataje?" Sikuwa na jibu. Fomula nilikuwa nimeitoa kwenye intaneti. Ilikuwa sahihi, lakini sikuweza kuitetea mbele ya mtu mwenye kikokotoo. Nilikwenda nyumbani nikakaa nayo hadi usiku wa manane, ndipo nikaona kwamba ni jumla ya mfululizo wa kuzidisha, ule wa kidato cha tatu. Yeye alitoza riba kwa pesa ambazo mkopaji alikuwa ameshazirudisha. Kesho yake nilimwonyesha mwezi kwa mwezi, tukakubaliana.

Nilipomaliza kusimulia, dada alitoka jikoni akasema, "Kwa hivyo hata wewe." Hakuongeza neno, na tangu siku hiyo kijana hakuona aibu tena kufungua kitabu cha kidato cha pili mbele yangu.

Mtihani ameufanya Jumanne iliyopita. Matokeo bado, na mimi si mganga wa kutabiri. Lakini Jumatano jioni alinitumia picha ya daftari. Nilidhani ni yake, kumbe ni ya dada yake mdogo aliye sekondari. Alikuwa ameandika (a + b)² = a² + b², na kijana amezungushia duara, pembeni amechora chapati.

Kama una mtoto, mdogo wako au mpwa aliyekwama, omba kuona karatasi zilizosahihishwa kabla ya kulipia masomo ya ziada. Soma mstari wa kwanza wenye kosa, siyo alama ya mwisho. Na kama aliyekwama ni wewe mwenyewe, vitabu vya zamani vya sekondari bado vinauzwa Thika, na ni rahisi kuliko kurudia mwaka.

Matokeo yakitoka nitawaambia. Tuonane Jumamosi ijayo, safari hii nikiwa nyumbani Ruiru.