Malkia Victoria, Mjane na Mama wa Watoto Tisa

Watu wengi hufikiri kwamba anayekaa katika kiti cha enzi hajui machozi. Tutazame basi maisha ya Victoria, malkia wa Uingereza.

Alizaliwa London tarehe 24 Mei 1819. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba yake akafa. Mama yake alimlinda sana, hata binti akalala chumbani mwa mama mpaka siku alipopata ufalme, tarehe 20 Juni 1837, akiwa na miaka 18. Mshauri wake alikuwa mjomba wake Leopold wa Kwanza, mfalme wa Wabelgiji. Na Leopold wa Pili, yule aliyejitwalia Kongo mwaka 1885, alikuwa mtoto wa mjomba huyo. Kumbe jamaa hiyo si ya mbali nasi!

Mwaka 1840 Victoria aliolewa na Albert, naye mtoto wa mjomba mwingine. Kwetu wazee wengi wangekataa ndoa ya namna hii. Tena, kwa kuwa hakuna awezaye kumposa malkia, yeye mwenyewe ndiye aliyeposa. Walipendana kweli, wakazaa watoto tisa.

Tarehe 14 Desemba 1861 Albert akafa, umri wake miaka 42. Toka siku ile Victoria alivaa nguo nyeusi, miaka karibu 40, mpaka kufa kwake. Kila siku watumishi walitayarisha nguo za marehemu na maji ya moto, kana kwamba atarudi. Malkia akajificha, watu wakaanza kunung'unika kwamba hawamwoni. Mimi nasoma habari hizi namkumbuka mama yangu. Alipofiwa na baba yetu, matanga yalipokwisha alishika jembe, maana tulikuwa na njaa. Sisemi kwamba alimpenda mumewe kuliko Victoria, wala kwamba alimpenda kidogo. Lakini malkia alikuwa na watu wa kumpikia. Mama hakuwa nao. Kilio ni kimoja, nafasi ya kulia si moja.

Victoria alizika pia watoto wake watatu: Alice mwaka 1878, Leopold mwaka 1884, Alfred mwaka 1900. Wengine na wajukuu waliolewa na kuoa katika enzi nyingi za Ulaya. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 22 Januari 1901, baada ya kutawala miaka 63.

Je, undugu ule ulileta amani? Hapana. Mwaka 1914 mjukuu wake George wa Tano wa Uingereza na mjukuu wake Wilhelm wa Pili wa Udachi walipigana vita. Moto ule ukafika hata kwetu: mwezi wa Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora, na wapagazi wengi walikufa njiani chini ya mizigo. Mama zao pia walilia, na hakuna aliyeandika majina yao kitabuni.

Ndugu zangu, ukoo mmoja hautoshi kuleta amani, kama mioyo haikupatana. Tuanze nyumbani mwetu: leo tumtembelee mjane aliye jirani, tumsaidie kulima.