Vibao vya chaki vinavyomwongoza bibi yetu nyumbani

Siku hizi vibao vya kupamba nyumba vimekuwa biashara na burudani kwa wakati mmoja. Ukifungua simu unakutana na kina mama wakionyesha ubao mweusi ulioandikwa “Karibu nyumbani” kwa herufi nyeupe zilizonyooka. Wengine wanauza stensili za kutumia tena na tena pamoja na kopo la chaki iliyolainishwa. Unabandika stensili, unapaka chaki, unabandua, maandishi yanabaki. Ukiyachoka unayafuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuandika mengine.

Nyumbani kwa mama yangu, Morogoro, viko vinane. Tumevitengeneza wenyewe kwenye meza ya jikoni, na wageni huvisifu wakidhani ni urembo tu. Ni urembo kweli, lakini kila kimoja kimepewa kazi. Vipo kwa ajili ya bibi yetu mwenye miaka 81, ambaye kumbukumbu zake zinapungua.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeshaandika mara kadhaa kuhusu demensia, yaani hali ya ubongo kupoteza uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kupanga mambo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nayo, na ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa zaidi. Takwimu hizo nazifahamu vizuri. Ila hakuna takwimu inayokuambia ufanye nini saa nane usiku, mzee wenu anapofungua mlango wa nyuma na kutoka nje peku.

Alikuwa akitafuta choo

Bibi alihamia kwa mama miaka miwili iliyopita akitokea kijijini, alikoishi maisha yake yote ya ndoa. Kule choo kilikuwa nje, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Kwa mama choo kiko ndani, kwenye korido yenye milango minne ya rangi moja.

Mchana alikuwa akiuliza na kuelekezwa. Usiku aliamka na kufuata ramani iliyobaki kichwani mwake: mlango wa nyuma, ngazi mbili, kisha gizani. Mara mbili mama alimkuta uani akiwa ameshika ukuta. Kwa mtu wa umri huo, kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga kunaweza kubadilisha maisha yote.

Kabla ya kuwaza vibao tulimpeleka hospitali, na hili nalisisitiza kwa kila familia. Si kila kusahau ni demensia. Maambukizi, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona na hata baadhi ya dawa vinaweza kumvuruga mzee kumbukumbu, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Bibi alipimwa damu, sukari na presha, akaulizwa maswali, akachorishwa saa. Mwisho daktari akatuambia ni demensia. Dawa ya kuiponya haipo, lakini nyumba inaweza kupangwa ili imsaidie. Miongoni mwa aliyoyashauri ni kuweka alama kwenye milango.

Mama alikataa

“Nyumba yangu haitabandikwa vibao kama ofisi ya kata,” alisema. Baadaye, bibi alipokwenda kulala, akaongeza kwa sauti ya chini, “Siwezi kumwandikia mama yangu ‘choo’ kama mtoto wa chekechea. Watu wakija wataona.”

Nilimwelewa. Kuna majirani ambao, wakimwona bibi kizee akizunguka uani usiku, hawafikirii ubongo. Wanafikiria uchawi. Katika nchi yetu wapo wanawake wazee waliopigwa na hata kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Kwa mama, kibao mlangoni kilikuwa sawa na kutangaza jambo ambalo mtaa ungelitafsiri utakavyo.

Aliyetoa njia ni dada yangu. Alikumbusha kwamba bibi mwenyewe alikuwa fundi wa kudarizi vitambaa vya makochi, maua pembezoni na neno “Karibu” katikati. “Kwa nini tusitengeneze vibao vya namna ile? Viwe vizuri kiasi kwamba mgeni aombe cha kwake.” Mama akanyamaza, na kwetu ukimya wa mama ni nusu ya ndiyo.

Tulivyovitengeneza

Stensili za dukani zilikuwa na maneno ya Kiingereza, tena bei yake ilitushinda, hivyo tukakata za kwetu. Plastiki ya jalada la faili inafaa. Sisi tulipata bora zaidi: picha ya zamani ya eksirei ya goti la bibi, ambayo daktari wake alituthibitishia kuwa haihitajiki tena. Mafundi wa kuandika maandishi ya ukutani wamezitumia eksirei miaka mingi kwa sababu ni ngumu, nyembamba na hazilowi. Tulichora herufi juu yake na kuzikata kwa wembe wa kisu, kazi ambayo watu wazima peke yao waliruhusiwa kuifanya.

Siri ya stensili ni daraja. Ukikata herufi “o” duara zima, tumbo lake linadondoka na unabaki na tundu. Lazima uache vipande vidogo viwili vinavyolishikilia tumbo hilo. Ni vivyo hivyo kwa a, b, d na p.

Kwa chaki, loweka vijiti sita vya chaki ya shule usiku kucha kwenye maji kidogo. Asubuhi mwaga maji yaliyobaki juu na uviponde kwa kijiko hadi viwe vizito kama maziwa mgando. Ongeza kijiko kidogo cha uji wa wanga wa mahindi ili ishike. Kuloweka ni bora kuliko kusaga chaki kavu, maana vumbi lake si zuri kwa vifua vya watoto. Tengeneza kidogo kidogo, kwa kuwa uji wa wanga huota ukungu. Kwa kibao ambacho hutaki kifutike, weka gundi nyeupe ya mbao badala ya wanga.

Usijaribu kutumia chokaa ya kupakia nyumba. Inaunguza macho na ngozi. Kwa ubao wenyewe tumia rangi nyeusi ya maji isiyong’aa. Epuka mabaki ya rangi za zamani za mafuta yaliyosahauliwa stoo, kwani baadhi zina madini ya risasi, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Ukishafunga stensili kwa gundi ya karatasi pande zote, chovya sponji kidogo tu na upigepige kutoka juu kwenda chini. Ukisugua, chaki inapenya chini ya kingo na herufi zinavimba. Bandua taratibu ikiwa bado mbichi, kisha osha stensili hapo hapo. Zetu zimetumika zaidi ya mwaka sasa.

Kwa mwenye demensia kuna mambo manne ya kuzingatia: maandishi makubwa yenye rangi inayopingana na ubao, neno moja au mawili, kibao kiwekwe kwenye mlango wenyewe na si ukutani pembeni yake, na kiwe usawa wa macho ya mzee. Bibi ameinama kidogo, kwa hiyo chake kiko chini kuliko ambavyo fundi yeyote angekiweka.

Chaki mkononi mwa bibi

Siku ya kupaka, watoto wawili wa dada walikaa mezani, na bibi akakaa nao. Alipoipata harufu ya chaki mbichi akauliza, “Leo kuna kisomo?”

Bibi hakusoma shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto watatu, katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970. Siku ile alitusimulia habari za mwembe waliokaa chini yake na mwalimu wao aliyekuwa kijana mdogo kuliko wao. Alitueleza pia walivyosikiliza redio kwa vikundi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo ya mwaka 1973 iliwafikia karibu watu milioni mbili, na miongoni mwa mambo yake makuu ilikuwa ni kuchimba na kutumia vyoo.

Akachukua sponji, akapigapiga taratibu bila kutetemeka, na neno “Choo” likatoka safi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Jioni yake alikipigilia kibao hicho msumari yeye mwenyewe.

Siwezi kukuambia kuwa kibao kimemponya. Usiku mwingi, kwa msaada wa taa ndogo tunayoiacha koridoni, anakiona na kuingia. Usiku mwingine bado anauelekea mlango wa nyuma, ndiyo maana tumeufunga kengele inayomwamsha mama. Lakini tangu tukitundike hajawahi kukutwa uani.

Neno tusiloliandika

Kibao chenye kazi nyingi kuliko vyote kiko sebuleni. Hicho ndicho kinachofutwa na kuandikwa upya kila asubuhi: “Leo ni Jumanne. Mama yuko sokoni. Anarudi saa saba.” Mjukuu wa miaka tisa ndiye msimamizi wake kabla ya kwenda shule. Zamani bibi aliuliza alipo mama labda mara ishirini kabla ya mchana. Sasa huuliza, anaelekezwa kwenye ubao, anasoma kwa sauti, anatulia. Baada ya muda anauliza tena, lakini hofu imepungua.

Lipo swali moja ambalo ubao umeshindwa kulijibu. “Babu yenu amechelewa wapi?” Babu alifariki mwaka 2011. Mama alipendekeza tuandike ukweli, ili tusimdanganye mzazi. Dada alipinga. Alishawahi kumjibu bibi kwa mdomo kuwa babu hayupo, na bibi akalia kama aliyepewa msiba siku ile ile, kisha baada ya saa moja akauliza upya. Tukiandika, alisema, tutakuwa tunamfisha babu kila asubuhi.

Tulibishana sana. Wataalamu wanashauri kuijibu hisia iliyo nyuma ya swali kuliko kusahihisha tarehe, na mimi nilisimama upande huo. Aliyetupatia jibu la kutumia ni yule mtoto wa miaka tisa. Siku moja bibi alipouliza, mtoto alimwambia, “Umemkumbuka, bibi? Hebu nisimulie, alikuwaje?” Bibi akasimulia mpaka chai ikapoa. Ubao hatukuandika kitu kuhusu babu, na mama ameridhia, ingawa anasema moyo wake bado haujatulia.

Mzazi unayesoma hapa, watoto wako wanaangalia namna unavyomjibu mzee anaporudia swali. Ndivyo nawe utakavyojibiwa siku moja. Wape kazi katika utunzaji huo: kukata karatasi, kupaka chaki, kubadilisha siku ubaoni. Waeleze kwa maneno yao kuwa huu ni ugonjwa wa ubongo, ili mtu asije akawajaza maneno ya uchawi.

Tangu mwezi uliopita bibi ameanza kuzitaja herufi bila kulipata neno: “ch, o, o,” kisha ananitazama na kutabasamu, “Mke mwenzangu, hapo wameandika nini?” Daktari alishatuonya kwamba siku hiyo itafika. Kwa hiyo tumekata stensili mpya za picha, kikombe kwa ajili ya jikoni, kitanda kwa chumba chake na choo kwa mlango wa choo, na kuzipaka juu ya maneno. Maneno yenyewe hatujayafuta. Mjukuu wa miaka minne ameanza kuyasoma.