Usingizi wa Newala

Kutoka Masasi, mji wa majabali, njia hupanda Uwanda wa Makonde hadi Newala. Ukingoni, penye Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma huonekana chini kabisa, na upepo wa usiku ni wa baridi. Mgeni aliyehangaishwa na kukosa usingizi hudhani hewa hii itamponya. Haitoshi. Anayekesha siku 3 kwa juma kwa miezi 3 amwone daktari. Tiba iliyothibiti, kabla ya vidonge, ni mazoea: kuacha kahawa ya jioni, kuondoka kitandani usingizi unapokataa, na kuamka wakati mmoja kila siku. Wakati huo Waislamu tunao: adhana ya Alfajiri, ambayo huku hubadilika kidogo tu mwaka mzima. Hata aliyechelewa kulala, naaitikie.